Bata mzinga wa asili nyumbani: dalili unazoziona na chanzo chake

Bata mzinga anayeumwa hujikaza mpaka anaposhindwa kabisa. Ukimkuta amesimama pembeni peke yake, mbawa zimelegea na shingo imezama mabegani, ugonjwa umeshakaa mwilini siku kadhaa. Ndiyo maana inafaa kushughulika na dalili ndogo, na kabla ya kuutaja ugonjwa wowote, uliza kwanza umri wa ndege. Kifaranga wa siku nne aliyezubaa, mara nyingi hajala. Wa wiki nane aliyezubaa, shuku vimelea tumboni. Dume mkubwa aliyezubaa ni habari nyingine.

Jambo la pili ninalolishikilia ni kwamba sehemu kubwa ya shida hizi hutokana na kumfuga bata mzinga kama kuku. Analishwa chakula cha kuku, analala banda la kuku, anachakura uwanja uleule wa kuku. Mahitaji yake ni tofauti: protini nyingi zaidi, joto zaidi anapototolewa, na ardhi ambayo kuku hawajaichafua.

Hapa nazungumzia mbari za asili kama Bourbon Red, Narragansett, Standard Bronze, Royal Palm, Slate na Midget White. Hawa hupandana wenyewe, hukua polepole, na jike anaweza kuendelea kutaga miaka mitano hadi saba. Yule mweupe mwenye kidari kipana anayefugwa kwenye mashamba makubwa hawezi kupanda mwenyewe, huzalishwa kwa kupandikiza mbegu, na hufikia uzito wa kuchinjwa mapema sana. Ushauri mwingi unaosambaa uliandikwa kwa ajili yake, hivyo ukiufuata kwa ndege wa asili utadhani wako ni wagonjwa kumbe ni wazima.

Vifaranga wanakufa kuanzia siku ya tatu hadi ya saba

Kifaranga hutotolewa akiwa na akiba ya kiini cha yai tumboni. Akiba hiyo humtosha siku mbili tatu. Ndiyo sababu anaweza kuchangamka siku ya kwanza na ya pili bila kula chochote, kisha akaanguka siku ya tatu au ya nne chakula kikiwa mbele yake. Wengi huita ugonjwa na kukimbilia antibayotiki. Kwa kweli kifaranga amekufa kwa njaa, kwa sababu hakuwahi kufundishwa kudonoa. Kuku hujifunza haraka. Bata mzinga huhitaji msaada.

Njia ya kuhakikisha ni kupapasa magole, yaani vifuko vya chakula chini ya shingo, jioni. Mshike kifaranga mkononi, pitisha kidole chini ya shingo kwa mbele, upande wa kulia kidogo. Aliyekula ana kifuko kilichojaa kinachobonyea. Asiyekula, kidole kinapita moja kwa moja, ngozi imeshikana na hakuna kitu. Watenge wote wenye magole matupu usiku huohuo.

Kila mmoja mchovye ncha ya mdomo kwenye maji ya uvuguvugu, si pua, halafu kwenye chakula, na urudie mara kadhaa kwa siku. Weka gololi zinazong'aa ndani ya chombo cha maji: vifaranga hudonoa kinachometameta, wakidonoa wanakunywa, na gololi hizohizo huwazuia kuzama. Siku za mwanzo sambaza chakula juu ya kitambaa chepesi chenye rangi tofauti na chakula, na gonga kwa kidole kama mama anavyodonoa. Dawa bora kuliko zote ni mwalimu, yaani kifaranga wa bata mzinga aliyekwisha kujua kula. Wapo wanaotumia kifaranga wa kuku. Nakubali tu kama ametotolewa kwenye mashine ileile na hajawahi kugusa ardhi ya kuku. Sababu utaiona kwenye sehemu ya kinyesi cha manjano hapo chini.

Kama magole yamejaa na bado wanakufa, angalia joto. Wiki ya kwanza bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, iwe kati ya nyuzi 35 na 37 za Selsiasi usawa wa mgongo wa kifaranga, kisha punguza takriban nyuzi 3 kila wiki. Wakirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wana baridi, na walio katikati hufa kwa kukosa hewa. Wakikimbilia kuta huku midomo wazi, joto limezidi. Wakilala wametawanyika, usiguse kitu. Kipimajoto kinasaidia, ila vifaranga wenyewe ndio wa kuaminiwa zaidi.

Usitandike vumbi la mbao wiki ya kwanza. Watalila na litaziba gole na firigisi. Maranda makubwa yanafaa, yakifunikwa na kitambaa kikavu cha kukwaruza hadi wajue chakula ni kipi.

Miguu imelegea, imepinda au imetanuka

Miguu ikitanuka kila mmoja upande wake ndani ya siku chache za kwanza, laumu sakafu. Gazeti au plastiki huteleza na nyonga hazijakaza. Ondoa utelezi, kisha funga miguu yote miwili kwa utepe laini, ukiacha nafasi ya kusimama kawaida. Ukiwahi, siku chache zinatosha. Ukichelewa zaidi ya wiki ya kwanza, mara nyingi hainyooki.

Vidole vikijikunja kwa ndani, fikiria upungufu wa vitamini B2. Kifundo cha nyuma kikivimba na mguu kupinda katika wiki ya pili hadi ya sita, tatizo liko kwenye chakula. Chakula cha kuanzia cha bata mzinga kinapaswa kuwa na protini asilimia 28 hivi, wakati cha vifaranga wa kuku huwa na 18 hadi 20. Pengo lenyewe si protini tu: bata mzinga anahitaji niasini (vitamini B3) nyingi zaidi ya kuku, pamoja na manganizi na kolini ya kutosha. Ukikosa chakula chao kabisa, cha kuku wa nyama cha kuanzia kina nafuu kuliko cha kuku wa mayai, na uongeze chanzo cha protini na hamira iliyotumika kutengenezea bia, ambayo ina niasini kwa wingi. Mifupa ikiwa laini na mdomo unapindika kwa kidole, ni matege: vitamini D3, kalsiamu au fosforasi haitoshi, au ndege hawaoni jua.

Kano ya nyuma ya kifundo ikishachomoka na kuteleza pembeni, haitarudi. Ndege huyo atateseka na kukanyagwa na wenzake, na ni haki kumchinja mapema.

Kinyesi cha manjano

Anza kwa kujua kilicho cha kawaida. Mara chache kwa siku bata mzinga mzima hutoa kinyesi cha kahawia, laini, kinachonata na kunuka kuliko kile kingine. Hicho hutoka kwenye vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo, na hakina ubaya. Kijani kibichi kwa kawaida ni nyongo inayopita kwenye utumbo mtupu: ndege hali, na kazi yako ni kujua kwa nini.

Lakini manjano kama unga wa kiberiti, majimaji, kutoka kwa ndege aliyeinamisha kichwa na kufumba macho, ni dalili ya ugonjwa wa kichwa cheusi. Jina hilo linapotosha, kwa kuwa kichwa mara nyingi hakiwi cheusi kabisa. Husababishwa na kimelea kiitwacho Histomonas meleagridis. Kikiwa peke yake nje ya mwili hakidumu, lakini husafiri ndani ya mayai ya mnyoo mdogo wa utumbo, Heterakis gallinarum, na mayai hayo hukaa hai ardhini kwa miaka. Nyungunyungu wakiyameza huyahifadhi. Kuku hubeba mnyoo na kimelea bila kuonyesha ugonjwa mkubwa. Bata mzinga akila nyungunyungu mmoja kwenye uwanja wa kuku, anaweza kufa. Na akishaugua mmoja, huwaambukiza wenzake moja kwa moja kupitia kinyesi kibichi, bila mnyoo wala nyungunyungu. Ndipo kundi zima linapofagiwa kwa siku chache.

Ukifiwa, mfungue. Vaa glavu, kata ngozi chini ya kidari, ondoa misuli ya tumbo bila kupasua utumbo. Tazama ini kwanza: ini zima lina rangi moja, hudhurungi yenye kung'aa. La ugonjwa huu lina mabaka ya mviringo yaliyozama katikati, yenye pete za rangi ya manjano na kijivu, mengine upana wa kucha ya kidole gumba. Kisha fuata utumbo hadi kwenye vile vifuko viwili. Vitakuwa vinene, vigumu, na ukikipasua kimoja unakuta kitu kikavu mithili ya jibini kimejaa ndani. Ukiona vyote viwili, ini na vifuko, hakuna shaka kubwa iliyobaki, ingawa maabara ndiyo yenye neno la mwisho.

Matibabu ndipo penye uchungu. Nchini Marekani dawa ya mwisho iliyokuwa imeidhinishwa kwa ugonjwa huu, nitasoni, iliondolewa sokoni mwaka 2015. Metronidazoli hairuhusiwi kwa wanyama wa kuliwa huko na katika Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo nguvu zote ziwe kwenye kinga. Wagonjwa watengwe mara moja, walio wazima wahamishiwe kwenye sakafu kavu au waya ili wasifikie kinyesi, na kundi lote lipewe dawa ya minyoo kama fenbendazoli kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Dawa ya minyoo haiui histomonasi, inamnyang'anya usafiri.

Nitasema wazi: usichanganye kuku na bata mzinga. Wapo waliochanganya kwa miaka bila hasara, kwa sababu ardhi yao haina mnyoo huyo au ni kavu na ya kichanga. Siku kuku mgeni mmoja atakapomleta, hutapata onyo. Usitumie hata uwanja ambao kuku waliishi mwaka juzi, na viatu vya banda la kuku visiingie kwa bata mzinga.

Wamejikunyata, manyoya yamesimama, wanahara

Umri wa wiki tatu hadi nane, tandiko limelowa, hali ya hewa ina joto: fikiria koksidiosisi, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na vimelea vya koksidia. Kwa kuku unatazamia damu. Kwa bata mzinga mara nyingi utaona majimaji na ute tu, kwa hiyo usisubiri damu. Amproliamu kwenye maji hufanya kazi, na tandiko kavu hufanya kazi zaidi.

Onyo ambalo ningependa kila mfugaji alibandike ukutani: soma lebo ya chakula chenye dawa ya koksidia. Salinomisini na narasini, zinazowekwa kwenye chakula cha kuku wa nyama, ni sumu kwa bata mzinga. Dalili zake ni miguu kukosa nguvu, ndege kulala kifudifudi miguu imenyooshwa nyuma, kisha vifo vya ghafla saa chache baada ya kufungua mfuko mpya. Ukiona hivyo, ondoa chakula kwanza, maswali baadaye.

Uso umevimba, vidonda kichwani

Uvimbe laini chini ya macho, upande mmoja au yote miwili, pamoja na mafua na mapovu kwenye jicho: kwa bata mzinga huyu ni mikoplazma mara nyingi, nayo hubebwa na kuku. Dawa kama tailosini hupunguza dalili bila kumsafisha ndege, na ugonjwa hupita kwenye yai. Aliyepona asitumike kuzalisha.

Vipele vigumu vya kahawia kichwani na kwenye ngozi za shingo ni ndui, na mbu ndio waletaji. Hupona vyenyewe wiki chache baadaye kama havijaingia kooni. Usivibandue. Chanjo ipo.

Kubadilika rangi kwa kichwa siyo ugonjwa. Kichwa cha dume hugeuka chekundu, buluu na cheupe ndani ya dakika moja kufuatana na hasira au woga wake. Kinachotisha ni zambarau iliyokoza isiyobadilika, hasa kwenye kile kinyama kinachoning'inia juu ya mdomo.

Ndege mkubwa amekufa ghafla

Dume mwenye zambarau hiyo na kinyama kilichovimba, aliyekufa bila kuugua, huenda alikuwa na erisipelasi. Bakteria wake hukaa ardhini, hasa palipofugwa nguruwe au kondoo, na huingia kupitia majeraha ya kupigana. Hushambulia binadamu pia kupitia mikwaruzo ya mikono, kwa hiyo usimnyonyoe ndege kama huyo, na usimle. Walio hai hutibiwa kwa penisilini wakiwahiwa na daktari. Kipindupindu cha ndege kinafanana nacho, na panya na paka ndio wa kuchunguzwa.

Wakifa wengi kwa mpigo, au shingo zinapinda, miguu imepooza na kuna kinyesi cha kijani, huenda ni kideri au mafua ya ndege. Hapo hakuna la kujaribu nyumbani. Funga kundi, usiuze, usile, ita mamlaka ya mifugo.

Mayai hayapatikani

Jike wa asili huanza kutaga akiwa na miezi saba hivi, na hutaga kwa msimu. Mayai 50 hadi 100 kwa mwaka ni kazi nzuri kwake. Kutaga kwake kunategemea urefu wa mchana. Maeneo ambako mchana hufupika, taa inayofikisha saa 14 za mwanga humrudisha kazini. Akiwa ananyonyoka manyoya, mwache apumzike.

Kabla ya kumlaumu, mfuate. Bata mzinga hutaga mara nyingi mchana au alasiri, na hupenda kuficha: chini ya kichaka, nyuma ya mbao, kwenye majani marefu. Mfungie hadi alasiri siku kadhaa, na uweke viota chini sakafuni, gizani, vyenye nafasi ya kugeuka. Mayai yakiachwa yarundikane, ataanza kuatamia na kuacha kutaga. Yaokote kila siku.

Ganda laini ni upungufu wa kalsiamu. Weka maganda ya chaza yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni, ajichukulie mwenyewe. Usiyachanganye kwenye chakula cha wote, kwa sababu kalsiamu nyingi huumiza figo za wanaokua.

Mayai hayatotoi

Vunja mayai yaliyobaki. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka wakatupa yote kama viza, na habari yote imo humo.

Yai angavu, halina mshipa hata mmoja baada ya siku kumi: aidha halikurutubishwa, au kiinitete kilikufa mapema sana. Kwanza hesabu ndege. Dume mmoja anatosha majike watano hadi kumi. Zaidi ya hapo, wengine hawafikiwi. Madume wawili walio sawa kwa nguvu hupoteza msimu wakipigana. Dume mwenye vidonda vya nyayo hapandi, kwa hiyo mgeuze umtazame miguu. Jike mwenye mgongo uliochanwa hukataa kupandwa: kata kucha za dume, fanya butu ncha ya kipi chake kwa tupa, na mvishe jike kitambaa cha mgongoni. Ukibadilisha dume, kumbuka jike hutunza mbegu za yule wa zamani kwa wiki kadhaa, hata zaidi ya mwezi, kwa hiyo vifaranga wa mwanzo wanaweza kuwa si wake.

Kuna jambo la ajabu hapa. Katika miaka ya 1950 watafiti wa kituo cha kilimo cha Beltsville, Maryland nchini Marekani, walieleza mayai ya majike wasiopandwa ambayo yalianza kukua yenyewe. Wachache sana walifika kutotolewa, na wote walikuwa madume. Kwa hiyo ukiona utando wa chembe usio na mishipa ndani ya yai, usihesabu kuwa dume wako anafanya kazi.

Duara la damu maana yake kiinitete kilikufa siku za mwanzo: mayai yalikaa muda mrefu kabla ya kuwekwa, au joto liliyumba. Yahifadhi yasizidi siku saba hadi kumi, ncha ikiwa chini, mahali penye nyuzi 13 hadi 16.

Kifaranga mzima aliyekufa ndani ya ganda ni suala la unyevu na joto. Mashine ya kutotolesha yenye feni ihifadhi nyuzi 37.5 kwa siku 28. Unyevu uwe asilimia 50 hadi 55, na siku tatu za mwisho upande hadi 65 au 70. Acha kugeuza mayai siku ya 25. Kifaranga aliyenatishwa na utando mkavu alikosa unyevu mwishoni, mara nyingi kwa sababu mwenyewe alifungua kifuniko kila saa kuchungulia. Aliyelowa na kuvimba alizidiwa nao. Mimi humwamini jike anayeatamia kuliko mashine, mradi ametulia na hana viroboto wala chawa. Mayai 12 hadi 15 ya kwake mwenyewe anayafunika vizuri.

Nyama ni kidogo, au ngumu

Kidari chembamba kwa ndege wa asili ni umbile lake. Dume kijana wa Bourbon Red hufikia takriban kilo 10 akiwa hai na jike kilo 6. Midget White dume kilo 6, jike chini ya kilo 4. Kama ndege wako yuko karibu na hapo, hana ugonjwa. Kama hayuko, angalia umri. Kabla ya wiki ya 26 huwa anajenga mifupa. Nyama na mafuta chini ya ngozi huja baadaye, kwa hiyo subiri hadi wiki ya 28 au zaidi. Baada ya hapo tazama minyoo, na protini, ambayo sasa inaweza kushuka hadi asilimia 16 hivi.

Mfupa wa kidari uliopinda hutokana na kulala juu ya fito nyembamba akiwa mchanga. Tumia ubao mpana wa sentimita 5 hadi 10, kingo zikiwa zimelainishwa. Lengelenge la kidarini hutokana na fito zenye kona kali au sakafu ngumu.

Ugumu wa nyama mara nyingi hutokea baada ya kuchinja. Mnyime chakula saa 12 kabla, maji aendelee kupata, na asikimbizwe. Chovya kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 62 kwa dakika moja hivi. Yakizidi, ngozi huiva na kuchanika. Poza haraka, kisha mlaze kwenye jokofu siku mbili hadi tatu bila kugandisha, mpaka paja likunjike lenyewe ukilisukuma. Akiwekwa jikoni au kwenye friza kabla ya hapo, atakuwa mgumu hata kama alilishwa vizuri. Wakati wa kupika, sehemu nene ya paja ifike nyuzi 74.

Ngozi ikibaki na madoa meusi baada ya kunyonyoa, ni rangi iliyotoka kwenye manyoya machanga ya mbari zenye rangi iliyokoza. Haina madhara kwa mlaji. Ukitaka ngozi safi, chinja pale manyoya yanapokuwa yamekomaa: yapekue kidarini, na ukiona vishina vyeusi vyenye utando bado vinachomoza, ngoja wiki mbili tatu.